Kipande cha Ngozi Chini ya Kisigino

Siku ya kwanza Philip Oloo aliponisemesha, hakunitazama usoni. Tulikuwa kwenye foleni ya kuingia kanisani Mesaimeer, Ijumaa, maana hapa Doha Jumapili ni siku ya kazi na Mungu tumemwomba aizoee ratiba yetu. Saa tatu asubuhi na jua lilikuwa limeshakasirika. Nyuma yangu alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye mvi chache kidevuni, ameinamisha kichwa nikadhani anasali. Kumbe anaangalia viatu vyangu.

"Siz," akasema, "hiyo kiatu yako ya kulia inaisha upande wa nje. Kiuno hakikusumbui?"

Kiuno kilikuwa kinanisumbua tangu Januari. Lakini mimi Rael ni mtu wa Kapsabet, na kwetu mwanamume usiyemjua hakuulizi habari za kiuno, tena mlangoni pa kanisa. Nilimjibu kwa jicho. Akacheka, akaomba msamaha, akajitambulisha: anaitwa Philip Oloo, mlinzi wa geti kwenye kompaundi moja ya nyumba za kupanga kule Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege. Baada ya ibada nikamkuta ananisubiri nje, mkononi ana kipande cha mpira alichokata kwenye ndala kuukuu.

"Nitakutengenezea," akasema, "lakini mimi siweki kitu kwa kiatu ya mtu mpaka aniambie inauma wapi. Sasa niambie."

Aibu iliyonipata ni ya aina yake, kwa sababu kazi yangu ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya fiziotherapia. Siku nzima napanga miadi ya watu wenye magoti na migongo mibovu, na mgongo wangu mwenyewe sijawahi kumwonyesha mtu. Nikamwonyesha. Akaweka kile kipande ndani ya kiatu, na wiki ya tatu nikaamka bila maumivu. Huo ulikuwa mwaka 2014, na tangu hapo hatukuachana. Kila Ijumaa tulikunywa karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi, tukaulizana maswali.

Nasema tukaulizana kwa sababu wote wawili tuna ugonjwa mmoja. Udadisi. Mimi nikiona mtu amebeba mfuko, lazima nijue ndani mna nini. Oloo naye akipanda teksi, kabla ya kushuka anajua dereva ana watoto wangapi na huko kwao Nepal mpunga unapandwa mwezi gani. Kuuliza si ujinga, alipenda kusema. Aliuliza kila kitu na alijibu kila kitu, isipokuwa swali moja. Nilikuwa nimeona picha yake ya zamani, amevaa suti ya michezo ya klabu moja ya mpira ya hapa Doha, amekumbatia gunia la mipira na anacheka mpaka jino la mwisho. Nilipomuuliza kwa nini aliacha kazi ile akaja kusimama getini, alikoroga chai yake ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Ilinichukua mwaka mzima kumtoa maneno. Haya ndiyo niliyoyapata.

Oloo alizaliwa Ugenya, akalelewa Kisumu na mjomba wake Augustine, fundi viatu wa soko la Kibuye. Mjomba alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kiatu hakisemi uongo: mtu atakuambia yuko sawa, lakini soli yake itakuambia anaegemea wapi na ni mguu gani anaouonea huruma. Ya pili ilikuwa sheria ya adabu. Mteja anayetembea upande haambiwi kwamba anatembea upande. Utamwaibisha, na mteja aliyeaibishwa huhamia kwa fundi wa kibanda cha pili. Wewe ukiona kisigino kimelika, unapachika kipande cha ngozi chini ya soli ya ndani, kimyakimya, kisha unamrudishia mwenyewe kiatu chake na kumtakia siku njema. Kiatu kikinyooka, mguu utafuata. Ndivyo alivyofundishwa, na Oloo anaapa kwamba nusu ya Kisumu inatembea wima bila kujua ni nani wa kushukuru.

Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kumponza.

Alifika Doha mwaka 2004 kupitia kampuni ya usafi, akapelekwa kwenye klabu ile kupiga deki vyumba vya kubadilishia nguo. Siku moja aliona njumu za beki mmoja, vile viatu vya mpira vyenye meno chini, zimetupwa kando kwa sababu soli imeachia. Akazishona wakati wa chakula cha mchana. Kesho yake zikaletwa pea tatu nyingine. Mzee mmoja Msudani ndiye aliyekuwa mtunza vifaa vya timu, naye akamwomba mudir, yaani meneja wa klabu, amwachie Oloo awe msaidizi wake. Mzee aliporudi kwao, chumba cha vifaa kikabaki mikononi mwa Oloo: jezi, taulo, mipira, na njumu za timu nzima zimepangwa rafuni kwa namba. Aliniambia hajawahi kuwa na furaha kama ile. Nilimwamini, maana alikuwa amevaa sare ya ulinzi alipokuwa akisema, na wakati wote hakutaka kuitazama.

Mwaka 2007 akaja Krešo Lovrek. Kwao Kroatia jina huandikwa hivyo, na alama yake juu ya herufi. Mimi nitaandika Kresho, mwenyewe ameniruhusu. Alikuwa mshambuliaji wa miaka thelathini na mmoja, umri ambao kwenye mpira vijana wa miaka ishirini huanza kukuita mzee. Nilimtafuta kwenye intaneti nikapata ukurasa wake. Ni jedwali tu: mwaka, timu, mechi, mabao. Mji wake mdogo wa kando ya mto Drava, mabao manne. Zagreb, thelathini na nane. Austria, Ubelgiji, Saiprasi. Timu ya taifa, mechi moja, bila bao. Doha, mechi arobaini na moja, mabao kumi na saba. Halafu mistari inaisha.

Mimi si mtu wa mpira, na jedwali halikuniambia kitu. Aliyeniambia ni Oloo, kwa sababu yeye alikuwa amemuuliza mwenyewe.

Kila siku Kresho alifika mazoezini saa nzima kabla ya wenzake, akaingia chumba cha vifaa na kijibirika chake chenye mpini mrefu, akachemsha kahawa nyeusi nzito kwenye jiko la Oloo. Oloo alichemsha chai ya maziwa. Kila mmoja aliona kinywaji cha mwenzake ni aibu kwa mtu mzima. Kresho alimwita "majstor", jina ambalo kwao humwita fundi yeyote anayejua kazi yake, awe wa mabomba au wa saa. Oloo alimwita Mista Kresho, na huku akipiga brashi aliuliza. Udongo wa Ubelgiji ukoje? Unanata, akajibiwa, ikifika mapumziko umebeba kilo moja kila mguu. Kama mashamba ya mpunga ya Ahero, Oloo akasema, na ikabidi naye aeleze Ahero.

Aliuliza kwa nini mashuti yake yote huenda chini. Kresho akamwambia kwamba vita vilipofika mjini kwao alikuwa na miaka kumi na mitano, na majirani wote walikuwa wakijificha kwenye ghala la chini ya shule. Humo ndimo alimojifunzia kupiga mpira ukutani. Dari ilikuwa fupi na taa ilikuwa moja, na mtu akivunja taa anachapwa na kina mama wote kwa zamu. Aliuliza pia kuhusu ile mechi moja ya taifa. Zilikuwa dakika kumi na moja, akaugusa mpira mara nne. Baba yake, mtu wa reli, aliomba ruhusa kazini ili aitazame. Mama yake aliirekodi kwenye kanda na kuirudia mpaka kanda ikachoka. Mimi niliposikia hayo, lile jedwali likapata sura.

Januari 2009 Oloo akaona kitu kwenye njumu. Meno ya mguu wa kushoto yalikuwa yamelika vibaya. Ya kulia yalikuwa mazima, karibu mapya. Akarudi nyuma kichwani. Tangu Novemba Kresho alikuwa anafunga kwa mguu wa kushoto tu, yeye ambaye mguu wake ni wa kulia. Magazeti yalimsifu kwamba hata uzeeni bado anajifunza. Njumu zikasema vingine: mguu wa kulia ulikuwa umeacha kazi, na mwenyewe alikuwa ameficha.

Alikuwa na sababu ya kuficha. Mkataba wake ulikuwa unaisha Mei, binti yake ndiyo kwanza ameanza shule hapa, na klabu ilikuwa bado inajishauri kama impe mwaka mwingine. Daktari wa timu angejua, ingekuwa kwaheri. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na mkataba unaoisha Mei.

Basi Oloo afanye nini? Akimwambia daktari, amemuuza rafiki yake. Akimuuliza mwenyewe, amemwaibisha. Mtu huyu huyu aliyeuliza habari za udongo, vita, kanda na mama, akashindwa kuuliza swali la maneno mawili. Akarudi Kibuye, kwa sheria ya mjomba. Mwezi Machi, mchana wa siku ya mechi, alikata kipande kwenye mkanda wake mwenyewe wa suruali, ngozi nene kama sarafu, akakipachika chini ya soli ya ndani ya njumu ya kulia, kwenye kisigino. Meno yaliyolika ya kushoto akayafungua, akafunga mapya. Akapitisha kidole gumba ndani, akaridhika, akazirudisha njumu mahali pake.

Wakati wa mechi aliketi juu ya kreti ya maji mwisho wa benchi. Tangu dakika ya kwanza Kresho alikimbia wima. Dakika ya arobaini ilikuja krosi, akaipiga kwa mguu wa kulia, chini kabisa, ikaingia. Wenzake wakamrukia. Alipojinasua hakukimbilia mashabiki. Aligeuka upande wa benchi, akainua mguu wa kulia na kuigonga soli kwa kiganja mara mbili. Oloo akadhani meno yamejaa nyasi.

Dakika ya sitini na tatu Kresho aliruka kupiga kichwa. Hakuna aliyemgusa. Akatua kwa mguu wa kulia, na Oloo anasema alilisikia goti likikatika kutoka pale alipoketi.

Njumu zilirudi chumba cha vifaa ndani ya mfuko wa plastiki. Oloo akafunga mlango, akachomoa ile ngozi, akaitia mfukoni. Siku ya nne Kresho alisafirishwa kwenda Zagreb kupasuliwa, na hakucheza tena mechi yoyote maishani mwake. Wiki mbili baadaye Oloo akaiomba kampuni yake impangie kazi nyingine. Msimamizi alimwona kichaa. Nani anaacha chumba chenye kiyoyozi na redio, kwenda kusimama getini Agosti ya Doha?

"Mimi ndiye nilimvunja," akaniambia, kikombe cha karak kimepoa mkononi. Akatoa pochi, na nyuma ya kitambulisho chake cha ukaazi akachomoa kipande cheusi cha ngozi, umbo la nusu mwezi. "Goti yake ilikuwa imezoea kuegemea. Nikainyoosha kwa lazima, bila kumuuliza. Mguu haukufuata, siz. Ulikatika."

Hapo ndipo nilipoelewa lile swali la kwenye foleni. Tangu siku ile alikuwa anamuuliza kila mtu, hata asiyemjua, hata mlangoni pa kanisa, inauma wapi.

"Si umtafute umwambie?" nikasema.

"Nimwambie nini? Sorry bro, nilikuwa nafanyia goti yako experiment?"

"Umuulize basi. Labda si wewe."

"Na kama ni mimi?"

Tuligombana kidogo, kama ndugu, na nikamwambia kwamba kukaa na deni la moyo kwenye pochi ni ujinga. Akasema majuto ni mjukuu, amekuja na hataki kurudi kwao. Baada ya hapo hatukulizungumza tena.

Oktoba 2017 niliwasha kompyuta asubuhi kliniki, na kwenye orodha ya wagonjwa wapya nikasoma: Lovrek, K. Goti la kulia.

Nilimjua kabla hajafika mezani, maana Oloo ameniambukiza. Nilianza na viatu. Mwanamume mpana, nywele kijivu, na soli ya kushoto imelika mpaka karibu kitambaa. Alikuwa amerudi Doha mwezi uliotangulia kuwafundisha vijana wa klabu moja namna ya kufunga mabao. Alinisalimu vizuri, akaketi huku amenyoosha mguu.

Sasa, siri ya mgonjwa ni siri. Ningempigia Oloo siku ile ningefukuzwa kazi, na ningestahili. Nikauma ulimi. Alikuja mara ya pili nikauma ulimi, na ya tatu pia, na wanaonijua wanajua huo ulikuwa muujiza. Kabla ya mara ya nne nikapata wazo: sheria inanikataza kumtaja mgonjwa kwa mtu mwingine, lakini hakuna sheria inayonikataza kumuuliza mgonjwa kuhusu maisha yake.

"Mista Lovrek," nikamwambia anapotia sahihi, "ulipokuwa unacheza hapa zamani, njumu zako alizitunza nani?"

Kalamu ikasimama.

"Unamjua majstor?"

Alisema siku yake ya kwanza kurudi alikwenda moja kwa moja kwenye klabu yake ya zamani kumuulizia. Hakuna aliyekumbuka. Kampuni ya usafi ilishabadilishwa mara mbili, na chumba cha vifaa kilikuwa na watu wapya. Nikamwambia rafiki yake yu hai, yuko mwendo wa dakika kumi na tano tu kutoka pale. Na hapo ndipo nikaogopa, kwa sababu hakutabasamu.

"Unamtafutia nini?" nikauliza.

"Nina swali la kumuuliza," akasema. "Nimekaa nalo miaka minane."

Akaniruhusu nimpe Oloo habari. Nikampigia, nikamweleza.

"Amekasirika?" akauliza.

"Sijui. Amesema ana swali."

"Khalas, basi," akasema Oloo. "Mwambie akuje."

Ijumaa alasiri Kresho alinichukua kwa gari lake tukaenda Al Thumama. Njiani nilijilaumu kwa kila kilomita. Nilikuwa nimewakutanisha watu wawili bila kujua mmoja wao amebeba nini. Kwa mbali zilionekana winchi za uwanja mpya unaojengwa kule. Oloo alikuwa amesimama nje ya kibanda chake, sare imepigwa pasi ikakauka kama kadibodi. Gari liliposimama na Kresho akashuka, macho ya Oloo yalikwenda kwenye viatu kwanza.

Kresho akamkumbatia. Oloo alikubali kukumbatiwa, lakini hakungoja salamu ziishe. Akatoa pochi, akachomoa kile kipande, akakiweka kwenye kiganja na kukinyoosha mbele kama mtu anayemkabidhi polisi kitu.

"Mimi niliweka hii," akasema kwa Kiingereza, taratibu, maneno aliyoyafanyia mazoezi. "Siku ile. Kwenye njumu ya kulia. Sikukuuliza. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, ni mimi."

Kresho akakichukua. Akakigeuza huku na huku, akakipima unene kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo ilikuwa ngozi," akasema. "Mimi nilidhani kadibodi."

Oloo akanitazama mimi, kana kwamba nimtafsirie.

"Majstor, mimi nimevaa njumu tangu nikiwa na miaka sita. Ulifikiri sitajua? Nilijua kabla sijafunga kamba. Nilikuwa na pea nyingine kwenye begi, chini ya kiti. Nikaitoa, nikaitazama, nikairudisha." Akaligusa goti la kulia. "Miezi mitano nilikuwa sijasimama wima. Nikasema acha nisimame wima, hata kama ni leo tu. Nilipofunga bao nilikuonyesha mguu. Hukuniona?"

"Nilidhani una nyasi," akasema Oloo.

"Nyasi!"

"Lakini goti?"

Kresho akavuta pumzi. "Daktari wa Zagreb alisema goti lilikwisha tangu Ubelgiji. Lingekatika tu, uwanjani au kwenye ngazi za nyumbani. Nilimuuliza kama ngozi ililiharakisha. Akasema labda. Hajui. Na mimi sijui, majstor, siwezi kukudanganya." Akairudisha ile ngozi kwenye kiganja cha Oloo, akakifumba kwa mikono yake miwili. "Sasa swali langu. Kwa nini uliondoka? Nikiwa hospitali nilipiga simu klabuni mara tatu. Nilitaka uniambie uliweka nini, na mahali gani hasa. Nimekwenda kwa mafundi Zagreb, nimekwenda Vienna, wana mashine, wana kompyuta. Hakuna hata mmoja aliyeweza. Miaka minane natembea upande."

Nitasema ukweli: nilikasirika. Niliwakasirikia wote wawili mpaka machozi yakanilenga. Miaka minane mmoja anasimama getini akijihukumu, na kazi aliyoipenda ameiacha kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine anachechemea Ulaya nzima akitafuta kipande cha mkanda wa suruali. Na yote kwa sababu kila mmoja alimheshimu mwenzake kupita kiasi. Adabu gani hiyo?

Oloo alitaka kujibu. Ndipo gari la mpangaji mmoja likaja likapiga honi. Akakimbia kufungua kizuizi, akapiga saluti, akafunga, akarudi kwetu akijifuta uso kwa mkono wa sare. Aliporudi, Kresho alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi, anavua kiatu cha kulia.

"Weka," akasema, akimpa.

Oloo alichuchumaa mbele yake. Mikono ilikuwa haijasahau: aliingiza kidole gumba, akainua soli ya ndani, akaipima ngozi kwenye kisigino mara moja, mara ya pili. Kisha akasita. Akakiweka kiatu chini, na ngozi juu yake, akainua macho.

"Mista Kresho," akasema, "inauma wapi?"

Kresho akaukunja mguu wa suruali, na akaanza kumwonyesha, polepole, kuanzia kiunoni.